Siku Burudani Ilipopata Jina

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni basi, mnisikie vizuri.

Hapo zamani za kale palikuwa na kijiji cha mitaa miwili, Juu na Chini. Bibi Mwatime alizaliwa Juu, akaolewa Chini. Kote alikuwa na damu yake.

Mwaka huo jua liliwaka. Likawaka, likawaka, visima vikakauka vyote, kikabaki kimoja katikati. Watu wa Juu wakasema ni chao. Watu wa Chini wakasema ni chao. Asubuhi moja wanaume wakakutana kisimani, na hawakubeba mitungi. Walibeba mapanga.

Bibi Mwatime akafika, mtungi mtupu kichwani. Akatazama kulia: mwanawe Mbwarali, panga mkononi. Akatazama kushoto: Shekuwe, mtoto wa kaka yake, panga mkononi. Aliwasihi, hawakumsikia. Alilia, hawakumtazama.

Basi akaingia katikati yao, akaketi mchangani, akaupakata mtungi. Akaupiga mdomoni kwa kiganja. Bumbu! Bumbu! Bumbu-bumbu! Akaimba:

"Mwenye panga mkononi,
mbona kiuno kimelala?"

Wanaume wakasita. Nani amkanyage bibi kizee ili amfikie adui yake? Bumbu! Bumbu! Wanawake wa Juu wakaitikia. Wa Chini wakapokea. Bibi akainuka na mtungi wake, akakinengua kiuno cha miaka themanini. Goti likalia ko! Haachi. Likalia ko! Haachi.

Shekuwe akajizuia, akajizuia, kicheko kikamponyoka. Mbwarali naye akaangua chake. Panga likaanguka, kwa! Na jingine, kwa! Mara vumbi timtimu, Juu na Chini wamechanganyika, wanacheza hata hujui nani wa wapi.

Walipochoka wakateka maji kwa zamu, huyu akimshikia mwenziwe kamba.

Shekuwe akamwendea bibi, jasho likimtiririka. "Shangazi, mwili unachemka, lakini moyo umepoa kama uliomwagiwa maji. Umetufanya nini?"

"Mlikuwa mnawaka, mwanangu. Nimewaburudisha tu."

Neno likashika. Tangu siku hiyo, watu wakikusanyika kucheza, kuimba na kucheka, husema: twendeni kwenye burudani.

Bibi Mwatime alikufa zamani. Lakini wazee walituachia hili: kiu ya koo huponywa na maji, moto wa moyo huponywa na furaha mnayoicheza pamoja.

Hadithi yangu imetua hapo. Aliyeisikia na aburudike.