Damu Iliyoitikia Mkia

Ndugu zangu, mwanamke nitakayewaeleza habari zake asubuhi hii simjui, wala nyinyi hamumjui, nimemtunga. Tumwite Nsiande. Alikuwa mtaalamu katika maabara ya mifugo, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kipimo cha ugonjwa wa kutupa mimba, ule unaomtoka ng'ombe ukampata hata mnywaji wa maziwa.

Kipimo chenyewe hutengenezwa hivi. Wanachukua protini moja ya kijidudu cha ugonjwa. Damu ya ng'ombe mgonjwa ikikutana nayo, kipimo kinageuka buluu. Protini hiyo hutengenezwa ndani ya bakteria wasio na madhara, lakini humo imechanganyika na protini nyingine maelfu. Utaikamataje? Unaiunganishia protini ya pili, kama mkia. Mkia unanata kwenye chujio, nyingine zote zinaoshwa zinakwenda zake. Kisha mkia unakatwa. Pale ulipoungwa pameachwa kipande kifupi ambacho kimeng'enya fulani hukitambua, kikakata hapo tu, bila kuigusa protini yenyewe.

Nsiande alitaka kukata. Mkuu wake akamwambia, "Kukata ni siku nzima, na sehemu ya protini inapotea njiani. Rangi inageuka vizuri na mkia wake. Uache."

Nsiande akauacha. Kwa kipimo hicho, ng'ombe tisa wa mjane mmoja, Mama Sechelela, walichinjwa wakafukiwa.

Miezi minne baadaye ikaja zamu ya jirani yake, Mzee Chiwanga. Ng'ombe kumi na wanne, wote buluu. Amri ikatoka wachinjwe Alhamisi. Jumanne Nsiande alipopeleka karatasi, mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi.

"Daktari, mwanangu, sibishani na karatasi," akasema. "Nauliza tu. Huyu mtamba hajapandwa bado. Na hapa hakuna hata mmoja aliyewahi kutupa mimba. Wote kumi na wanne wameugua lini?"

Nsiande alirudi maabara, akachukua mkia peke yake, usio na chembe ya protini ya ugonjwa, akaukutanisha na damu ya yule mtamba. Ikageuka buluu.

Mnaona alichokiona? Mkia ule ulitoka kwa bakteria wa kawaida, wanaoishi matumboni mwa ng'ombe, wazima kwa wagonjwa. Damu ilikuwa inaitikia mkia.

Jumatano asubuhi akatia kimeng'enya. Saa moja ikapita, nusu haijakatika. Zikapita saa tatu, bado. Mkuu akapita, akatazama.

"Amri imeshasainiwa. Ukikosea je?"

"Na kama nilishakosea?"

Alasiri ndipo mikia yote ikaachia. Akapitisha mchanganyiko kwenye chujio. Mikia ikanata, protini ikashuka peke yake. Akapima damu upya. Wawili buluu. Kumi na wawili, hakuna kitu.

Alhamisi Nsiande alifika akakuta ng'ombe wa kwanza ameshafungwa kamba. Akazuia wale kumi na wawili wasichinjwe, akamweleza mzee yote, bila kujitetea. Mzee hakushukuru. Aliuliza jambo moja tu.

"Na wale wa Mama Sechelela?"

Damu yao ilikuwa bado kwenye friza. Akaipima. Wote tisa walikuwa wazima.

Mkuu akasema, "Nani atafufua ng'ombe? Funga friza."

Wewe ungefanyaje? Usinijibu haraka.

Nsiande alikwenda. Mama Sechelela alimsikiliza amesimama, mchi mkononi.

"Ng'ombe nilishawalilia, nikamaliza," akasema. "Lakini tangu siku ile watu hawanywi hata maji kwangu. Wanangu wanafukuzwa michezoni. Nenda gulioni, useme mbele ya watu hayo uliyoniambia mimi."

Akaenda, akasema. Wako waliomzomea. Jioni ile jirani mmoja alipiga hodi kwa Mama Sechelela, akaomba maji ya kunywa.

Ndugu zangu, mara ngapi tumempima mtu kwa kilichobandikwa juu yake? Huyu baba yake alikuwa mwizi. Huyu aliwahi kufungwa. Huyu si wa kwetu. Tukaona rangi imegeuka, tukasema tumemjua. Lakini sikupanda hapa kuwaambia msihukumu hivyo. Hilo mnalijua tangu utotoni. Nasema na sisi ambao tumeshagundua tulikosea, tukafunga friza.

Mimi ninaye wangu mmoja. Anakaa mtaa wa pili kutoka kanisa hili, na wengi wenu mliacha kumsalimia kwa maneno yaliyotoka kinywani mwangu, nikiwa nimesimama hapa hapa. Nimejua ukweli tangu mwaka jana. Ibada ikiisha sitapeana mikono mlangoni, nakwenda kwake. Jumapili ijayo, akikubali, nitayasema mbele yenu nikimtaja kwa jina.

Na wewe, kuna jina limekujia sasa hivi. Inuka uende.