Krismasi ya Kimya

Fungeni vitabu vyenu vya nyimbo kidogo, wapendwa, mnitazame.

Alikuwako fundi mmoja wa pampu za maji, akiishi Korogwe na mkewe na watoto wao wawili. Nitampa jina, nimwite Elifuraha, kwa sababu mfano wa mtu asiye na jina huwa tunamrushia jirani.

Elifuraha alikuwa Mchaga, na mnajua Wachaga wanavyofanya Desemba ikifika. Mabasi yanajaa, kila aliyezaliwa mlimani anarudi mlimani. Ukoo wao wote hukusanyika nyumbani kwa baba yake mzazi. Mbuzi wanachinjwa, spika kubwa inafungwa barazani, watoto wanakimbizana migombani. Na kukosa siku hiyo si jambo la kusema eti ulibanwa na kazi. Ukikosa, utaulizwa umegombana na nani.

Sasa wale watoto. Wa kwanza, Anaeli, mvulana wa miaka tisa, ana usonji. Haongei kwa maneno, na kelele kwake ni maumivu, kama vile wewe unavyoumia ukimwagikiwa na maji ya moto. Wa pili, Aikande, binti mdogo, ana mtindio wa ubongo. Mikono na miguu yake imekakamaa, na chakula anakula polepole sana. Kijiko kimoja, anapumzika. Kijiko kingine, anapumzika.

Je, watoto hao waliionaje Krismasi? Mwaka mmoja, spika ilipowashwa, Anaeli aliziba masikio, akapiga mayowe, akakimbilia migombani. Baba mdogo wa Elifuraha akasema, "Mnamdekeza sana huyu." Shangazi mmoja akaita wanaume wamshike ili aombewe. Walimshika kwa nia njema, sikatai. Lakini mtoto alirudishwa kwa mama yake akiwa amejing'ata mkono mpaka damu inatoka. Na Aikande? Aikande alilishiwa chumbani, mlango umefungwa, yeye na mama yake tu, kwa sababu huko nje watu walikuwa wakimkodolea macho. Watu hao hao, wapendwa, walikuwa wakiimba habari za Mtoto aliyezaliwa.

Basi Desemba iliyofuata mama Anaeli alimwambia mumewe, "Mwaka huu mimi na watoto hatupandi. Wewe nenda, sitakulaumu."

Elifuraha akasema, "Mzee atasema nini?"

"Mzee atasema atakayosema. Na wa kumsemea Anaeli ni nani?"

Nyinyi mngejibu nini? Elifuraha alimpigia baba yake simu, akamweleza kwamba mwaka huu watabaki Korogwe wote. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa," akakata simu. Wenye wazazi wa namna hiyo mnaijua hiyo "sawa."

Krismasi iliangukia Ijumaa. Elifuraha aliamka mnyonge kama mtu aliyefiwa. Simu ilileta picha za mbuzi, picha za binamu zake wamevaa sare, mpaka akaizima. Mkewe alipika mtori wa ndizi na nyama, akatandika mkeka sebuleni, akamkabidhi bakuli na kijiko.

"Leo mlishe wewe Aikande," akamwambia.

Hakuwahi kumlisha. Akachota, akapeleka kijiko mdomoni, mtoto akapaliwa.

"Usimsukumie," mkewe akasema. "Kiweke karibu na mdomo, atakifuata mwenyewe. Wewe subiri."

Akasubiri. Mtori ukapoa, ukapashwa moto tena, akaendelea kusubiri. Ndipo akaona kitu. Kila mara kabla ya kufungua mdomo, Aikande alitabasamu kwanza, tabasamu dogo la upande mmoja.

"Mbona sijawahi kuliona tabasamu hili?" akauliza.

"Huja kwa anayesubiri," mkewe akajibu.

Na Anaeli, ambaye siku zote alikula amesimama pembeni, amewapa watu mgongo, siku hiyo alisogea, akasogea tena, akaketi kwenye ukingo wa mkeka. Mama yake akamsukumia bakuli taratibu, naye akala pamoja nao. Mama alikuwa akilia, lakini alilia bila sauti, asimshtue.

Hivyo ndivyo walivyokula Krismasi. Bila mgeni, bila wimbo. Elifuraha alimwambia mkewe kwamba hakumbuki sikukuu nyingine aliyokaa na wanawe kutwa nzima.

Jumamosi alasiri geti likagongwa kwa nguvu. Anaeli akaziba masikio. Elifuraha akatoka, na nani alikuwa amesimama pale? Baba yake, na fimbo yake, na mfuko wa nyama begani. Alikuwa amepanda basi tangu alfajiri, peke yake, mzee wa umri ule.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umeninyima wajukuu wangu siku ya Krismasi. Nimekuja kuuliza kosa langu."

Elifuraha angeweza kusema "karibu ndani" na kuacha mambo yaende yatakavyokwenda. Ndivyo tulivyolelewa wengi. Lakini alibaki amesimama getini.

"Baba, hujakosa kitu. Ila kabla hujaingia, ninakuomba. Usimwite Anaeli kwa sauti kubwa. Usimshike. Keti tu, umwache akujie mwenyewe akitaka."

Mnauona uzito wake? Mwana anamwekea baba yake masharti mlangoni. Mama Anaeli, aliyekuwa nyuma ya pazia, alishusha macho asione kitakachofuata. Ninyi wazee wangu wenye mvi mliokaa safu hii ya mbele, mngeingia? Au mngegeuka na mfuko wenu wa nyama mkarudi stendi?

Mzee akainama, akavua viatu.

Akaingia kwa kunyata. Akakataa kochi, akaketi mkekani, fimbo akailaza pembeni. Mkwewe akamsalimia kwa kunong'ona, akaitikia kwa kunong'ona. Chai ikaletwa, akanywa. Anaeli akapita mlangoni akachungulia, akaondoka. Akapita tena. Jua likateremka na hakuna aliyemwita. Mwishowe mtoto akaja, akaketi nyuma ya babu yake, akaegemeza mgongo wake kwenye mgongo wa mzee, mgongo kwa mgongo, akatulia tuli.

Mzee hakugeuka. Alisema taratibu, "Elifuraha, hivi ndivyo anavyosalimia?"

"Ndivyo, baba."

"Basi miaka yote hii nimekuwa siitikii salamu zake."

Akakaa hivyo hivyo, mgongo umenyooka, mpaka mtoto alipoinuka mwenyewe. Siku ya pili yake, Jumapili, aliomba bakuli, akafundishwa kumlisha Aikande kama alivyofundishwa mwanawe. Na yeye akaliona tabasamu.

Najua baadhi yenu mnangoja niseme kwamba jioni ile Anaeli alifungua kinywa akatamka, "Babu." Hakutamka. Mpaka mfano huu unakwisha, hasemi. Wala Aikande hakuinuka akatembea. Ukiwa umekaa hapo unasubiri muujiza huo, utarudi nyumbani bila huo. Muujiza ulitokea mahali pengine, mwaka mmoja baadaye, kule mlimani.

Mzee aliita wanaume wa ukoo kabla ya sikukuu, akawaambia, "Spika mwaka huu haiji."

Yule baba mdogo akauliza, "Kaka, Krismasi gani hiyo isiyo na muziki?"

"Malaika waliimba kule malishoni, kwa wachungaji," mzee akajibu. "Mle alimolazwa Mtoto, sijasikia kwamba kulikuwa na spika."

Elifuraha na mkewe wakapanda mlima na watoto wao. Hakuna aliyepiga honi wala vigelegele. Walikuta mikeka imetandikwa barazani, ukoo mzima umeketi, wazee kwa vijana, na katikati ya mikeka nafasi imeachwa kwa ajili ya Aikande. Wakala kwa mwendo wa kijiko chake. Mzee alikataza bakuli lolote lisiondolewe mpaka Aikande amalize, na watu, kwa kuwa hawakuwa na haraka tena, wakaanza kuzungumza. Kulikuwa na bibi mmoja mwenye masikio mazito, ambaye kila Krismasi alikaa katikati ya kelele akitikisa kichwa tu. Siku ile alimsikia jirani yake. Akaulizwa habari za ujana wake, akazieleza, na watu wakacheka mpaka machozi.

Na Anaeli? Anaeli alizunguka baraza lote akichagua migongo. Akaketi na huyu, akahamia kwa yule. Baba mdogo, yule aliyesema wanamdekeza, alikaa kutwa nzima amegeuka upande, mgongo wazi, hataki hata kuinuka kunywa maji, asije akapitwa. Jioni akachaguliwa. Wanasema jitu zima lilitoa machozi kama mtoto, bila kuthubutu kusogea.

Wapendwa, sisi tumefunga na kuomba miaka mingi, Mungu awabadilishe watoto hawa ili watoshe katika sikukuu zetu. Tumewashika, tumewapakaa mafuta, tumewafungia vyumbani wageni wakija. Hatukuuliza hata siku moja kama mgonjwa ni sikukuu yenyewe. Mungu alipita kumtafuta mgonjwa katika nyumba ile, akaigusa sikukuu, ikapona. Na ilipopona, walipona wengi ambao hakuna aliyejua kwamba wanaumwa.

Sasa geukeni mtazame mlango. Pale nje, kwenye ngazi, yuko mama mmoja na mwanawe. Kila Jumapili anatusikiliza kutokea juani, kwa sababu mtoto akipaza sauti humu ndani shingo zote zinageuka. Mama, ingia. Wazee wangu wa safu ya mbele, sogeeni mpisheni. Na mtoto huyo akipaza sauti katikati ya mahubiri, asinyamazishwe na mtu. Nitanyamaza mimi, nimsubiri mpaka amalize, kisha tutaendelea sote.