Mkwe Aliyeshika Kamba

Wewe hapo, ungethubutu kumfunua baba mkwe wako shati na kumvuta mkanda kiunoni mbele za watu? Usijibu haraka. Na usicheke sana, maana wanaocheka ndio huwa wa kwanza kusema kwamba wao ni watu wa kisasa, mambo hayo hayawahusu.

Mtu mmoja alikuwa na baba mkwe aliyempenda. Mtu huyo aliitwa Luhende. Alifanya kazi benki, alikuwa na shahada na miwani, na alikuwa amemwoa Ngollo, binti wa Mzee Nkwabi, mkuu wa shule mstaafu. Walitoka katika nchi ya mawe makubwa, mawe yaliyopandana kana kwamba aliyeyapanga aliitwa kula akasahau kurudi. Watu wa kwao hupanda juu ya mawe hayo kuanika makopa ya muhogo, hufukuza mbuzi, hushuka. Hakuna aliyewahi kuyafanya likizo.

Basi Jumapili moja, baada ya chakula, Mzee Nkwabi alisema mbele ya familia nzima kwamba kabla hajafa anataka kupanda jabali la kweli, kwa kamba, kama wale wa kwenye televisheni. Mimi naamini alikuwa anatania. Naamini alisema ili mtu amjibu, "Mzee, acha hizo, magoti yenyewe yako wapi?" Lakini alikuwa Mzee Nkwabi, mtu ambaye hakuna aliyethubutu kumtania. Luhende, aliyekaa karibu naye, alisema, "Wazo zuri sana, baba." Ngollo akasema, "Nitapanga mimi." Wengine wakapiga makofi. Kufikia wakati wa chai jambo lilikuwa limekwisha kuwa safari, na hakuna aliyejua tena pa kulirudisha.

Ngollo alimpata Anaeli, mwanamke anayewafundisha wanaoanza kwenye Jabali la Mwewe, mwendo wa siku nzima kutoka kwao. Anaeli aliuliza umri, presha, magoti na uzito wa kila mmoja. Wakakubaliana waende mvua zikiisha, kwa sababu jiwe bichi huteleza. Mzee alinunua viatu. Aliambiwa viatu vya jabali lazima vibane vidole, lakini alikuwa amewashauri wazazi miaka mingi wawanunulie watoto viatu vyenye nafasi, basi akanunua vyenye nafasi. Vikarudishwa dukani. Akaanza mazoezi: alipanda na kushuka ngazi za ghorofa ya jirani asubuhi na jioni, mpaka jirani akauliza kama kuna msiba. Na kila aliyemuuliza, Mzee alimjibu kwamba yuko tayari, hata kesho. Kumbe kila alipotoka kwenye ngazi zile alikaa garini kwanza mpaka mapaja yaache kutetemeka. Hilo halikusemwa.

Anaeli alikuja kuwafundisha nyumbani kwa Mzee, uani. Aliwaonyesha kamba inavyopita juu kwenye pete za chuma zilizopigiliwa mwambani, kisha inarudi chini. Ncha moja hufungwa kwenye mkanda mpana wa kupandia, kiunoni mwa anayepanda. Upande wa pili hushikwa na mwenzake aliye chini, naye hubaki hapo, hana sifa yoyote, kazi yake ni kuvuta kamba inapolegea na kumshusha mwenziwe taratibu. Aliwaonyesha fundo. Fundo hilo lina umbo la nane, na kamba lazima irudi ifuate njia ileile mara ya pili.

"Ukiishia njiani bado linapendeza," Anaeli alisema. "Na utapanda nalo vizuri tu, kwa sababu unapanda kwa miguu yako. Utalijua ukifika juu, ukaachia jiwe, ukakaa kwenye kamba ushushwe. Hapo ndipo linafyatuka. Ndiyo maana anayeshika kamba lazima amkague anayepanda. Kila mara. Hata kama ni bingwa."

Kisha akawapanga kwa uzito. Luhende na Mzee walilingana. Luhende akajaribu kujitoa.

"Dada Anaeli, si afadhali Ngollo amshike baba? Ni binti yake."

"Mzee akiteleza, Ngollo atanyanyuliwa juu. Watakutana katikati wasalimiane."

"Basi umshike wewe."

Anaeli alikuwa anafungua mdomo akubali. Mzee akamtangulia. "Hapana. Kamba yangu ataishika mkwe wangu. Nilimpa binti, nishindwe kumpa kamba?"

Mtu ukishaambiwa hivyo mbele ya mke wako, unajibu nini? Luhende alisema, "Nashukuru, baba."

Sasa, kwa watu wa kwao, mkwe hamgusi baba mkwe ovyo. Humsalimu ameinama kidogo, macho chini. Hakalii kiti chake. Akimwona anatoka bafuni kule uani, hugeuza njia kana kwamba amesahau kitu. Na kiuno hakitajwi. Anaeli alikuwa mtu wa kwingine, hakuyajua hayo, na hakuna aliyemwambia. Alisema, "Haya, mkague mwenzako. Ingiza vidole chini ya mkanda uone kama umebana. Halafu fundo. Gusa, vuta, tazama."

Luhende alitazama. Alitazama bati la veranda.

"Uko sawa, baba?"

"Niko sawa, mkwe." Mzee naye alikuwa amegeuza uso kwenye ukuta, kama mtu anayepimwa suti na fundi asiyemwamini.

"Mmekaguana au mmesalimiana?" Anaeli aliuliza.

Wote walicheka, na kicheko kile kikapitisha jambo. Ninyi mnaokaa kwenye vikao mnakijua.

Tangu siku hiyo Luhende hakutulia. Aliacha kikombe cha chai kikipoa, akasimama, akakaa, akasimama tena. Alimpigia Anaeli simu akiwa na sentensi moja tayari mdomoni: dada, kwetu huyu simgusi, mkague wewe. Anaeli alipopokea, Luhende aliuliza kuhusu jua. Akapiga tena, akauliza kuhusu nyoka. Akapiga tena, akauliza kama kule juu kuna mtandao. Anaeli alimwambia Ngollo kwamba mume wake ni mtu makini sana.

Na msidhani hakujua kazi. Aliuvisha mtungi wa gesi mkanda wa mazoezi, akaufunga kamba, akaukagua. Aliingiza vidole, akavuta, akageuza fundo na kufuata kila uzi kwa ncha ya kidole. Aliukagua kabla ya kwenda kazini na aliporudi kutoka kazini, kwa ustadi ambao Anaeli angeusifu. Mtungi haukuwa baba wa mtu.

Ngollo alimkuta amepiga magoti mbele ya mtungi, akamtazama kitambo.

"Unaweza," alisema.

"Huu naweza."

"Na yule?"

"Ngollo, ni baba yako."

"Ndiyo. Ndiyo maana nataka umkague."

"Nimfunue shati?"

"Mfunue. Unadhani utakuta nini, si tumbo?"

"Wewe unaongea kwa sababu humwoni kama ninavyomwona mimi."

"Basi mwambie Anaeli. Au niseme mimi."

"Usiseme." Luhende alisimama, akafungua dirisha, akalifunga. "Akijua nimekataa kumgusa, ataona simjali. Nikimgusa, ataona simheshimu. Nitajua la kufanya tukifika."

Tukifika. Sitawaeleza kamba ni nini, wala fundo, wala shati. Kila mmoja wenu ana mkubwa wake anayemtegemea kwa jambo fulani, na ana mahali ambapo, kwa adabu, amejizoeza kutazama bati.

Wakafika. Jabali la Mwewe ni jeusi, refu kuliko mnara wa simu, na siku ile lilikuwa kavu, jua likilipiga ubavuni. Mzee alikuja amevaa shati la kaunda suti. Aliambiwa halifai, akasema amelizoea. Akavaa mkanda, akashika kamba, akaanza kulifunga fundo lake mwenyewe, bila kuharakisha, akisema kila hatua kwa sauti kama anayefundisha darasa. Katikati simu ikalia. Alikuwa dada yake, anataka kumwona kwenye picha. Mzee akacheka naye, akamwonyesha jabali, akamwambia avute kiti atazame. Alipoikata simu aliinamia kamba tena, mikono ikahangaika kidogo tumboni, shati likashuka likafunika kila kitu. Kama fundo lilikuwa limekwisha kabla ya simu, au lilimaliziwa baadaye, au halikumaliziwa, Luhende hakuona. Alikuwa anatazama miguu yake.

Kwenye kamba ya pili, hatua chache pembeni, Ngollo alikuwa amekwama, amelikumbatia jiwe kama mtoto anayekataa kwenda shule, na Anaeli alikuwa anamshikia kamba huku akimtuliza. Aligeuza kichwa akapaza sauti, "Mmekaguana huko?"

Mzee alimtazama Luhende. Luhende akanyoosha mkono kuelekea pindo la shati. Mkono ukafika katikati, ukageuka, ukarekebisha miwani.

"Nimekagua," alisema.

Anaeli aliamini. Alikuwa amesikia sauti ya mtu mzima, tena mtu makini sana. Mzee aliamini pia, na hapo ndipo pananishinda mimi, kwa sababu yeye alijua kwamba hakuguswa. Labda alidhani mkwe ameona kwa macho. Au hakutaka kumwaibisha. Alisema tu, "Vizuri," akageukia jabali.

Akapanda. Na nawaambia alipanda vizuri. Zile ngazi za jirani zilikuwa zimemfaa. Aliweka mguu, akajaribu, akauhamisha, akainuka. Alihema kwa nguvu lakini hakusimama. Luhende alivuta kamba kila ilipolegea, kama alivyofundishwa. Mikono yake haikukosea. Macho yake yalikuwa kwenye shati lile lililokuwa likipanda, pindo lake likipepea na kurudi, na kila lilipopepea jua lilimpiga machoni. Alijiambia kwamba mzee amefundisha watu maisha yake yote, atashindwaje kumaliza fundo? Akajiambia kwamba mtu huwezi kusahau kitu cha namna hiyo. Akajiambia kwamba akimwita sasa atamtisha, ateleze bure. Akajiambia kwamba wakishuka atamchukua Anaeli pembeni amweleze kila kitu, kesho wapangwe upya. Kwa kila sababu aliyoipata, Mzee alikuwa ameongeza hatua nyingine. Hata Ngollo, aliyekwisha kushushwa chini, aliacha kujifuta vumbi akasimama na kutazama. Alimtazama baba yake. Kisha akamtazama mume wake usoni, na uso wake yeye ukabadilika.

Mzee Nkwabi alifika. Alizigusa zile pete za chuma kwa kiganja, mara mbili, kama anayempongeza mtoto. Sauti yake ilishuka ikiwa changa kuliko alivyokuwa yeye.

"Mkwe! Nimefika! Waambie waliosema nitaishia njiani!"

"Naona, baba!"

"Sasa naachia. Nakaa kwenye kamba kama alivyosema dada. Umenishika?"

Alikuwa amemshika. Kamba ilikuwa mikononi mwake, imekazwa, hakuna kosa. Jibu lilikuwepo, la kweli kabisa, na adabu yote ilikuwa ndani yake. Nimekushika, baba. Lilikuwa limekwisha kufika kwenye ulimi. Kule juu mkono mmoja wa Mzee ulitoka kwenye jiwe ukaning'inia hewani, akikunja na kukunjua vidole, na ule wa pili ukaanza kulegea.

"Usiachie, baba!" Luhende alipiga kelele, na jabali likairudisha sauti. "Shika jiwe! Shika! Sikukagua! Niliona aibu kukufunua shati, nikasema nimekagua. Sikukagua!"