Friji ya Mei Mosi

Hapo zamani, si zile za wafalme na majini bali hizi za kugongesha kadi getini, palikuwa na kiwanda kikubwa cha ndala. Wafanyakazi tulikuwa elfu moja na mia mbili, na wakubwa walitujua kwa namba. Mimi, Nuhu Shekalaghe, nilikuwa 0847. Kazi yangu ilikuwa kupanga ndala katika maboksi, na kwa miaka tisa sikuwahi kufanya jambo la kukumbukwa.

Karibu na meza yangu alikuwa Mwajabu, mama wa watoto wanne, kwenye mashine ya kukatia soli. Kinga ya kisu cha mashine ile ilikuwa imevunjika, na aliyehangaika nayo alikuwa mtu mmoja tu, Tulizo, mfagiaji. Alimwambia msimamizi, akaambiwa afagie. Aliandika barua akaitia katika sanduku la maoni, akaambiwa afagie. Alikwenda hadi kwa meneja, akaambiwa, kwa adabu zaidi, afagie. Basi akawa anafagia pale pale penye mashine, kutwa nzima, ili aichunge.

Siku moja mkono wa koti la kazi la Mwajabu ukanaswa. Mashine ikaanza kumvuta kuelekea kwenye kisu. Tulizo akawa wa kwanza kuona, akapiga ukelele. Chiduo, fundi wa mashine ya jirani, akageuka, akaruka, akachomeka nondo chini ya kisu. Nondo ikazuia, kisha ikaanza kupinda. Chiduo hakuiachia, na vidole vyake viwili vikakatika.

Na mimi? Nilikimbia. Sitawadanganya, nilikimbilia mlangoni kwa kasi ambayo kiwanda hakikuwahi kuipata kwangu. Nikajikwaa kwenye waya wa umeme, waya ukachomoka ukutani, nikaanguka kifudifudi juu ya maboksi. Mashine ikasimama. Mkono wa Mwajabu ukatoka mzima.

Msimamizi alipofika alinikuta chini, waya umenizunguka mguuni. Akaandika kwamba namba 0847 alijirusha akakata umeme. Nilitaka kumsahihisha, lakini nilikuwa nahema. Wiki tatu zikapita, bado nahema.

Mei Mosi, mbele ya watu wote, meneja akamtangaza mfanyakazi hodari wa mwaka: mimi. Zawadi, friji. Mke wangu alikuwa ameshahamisha kabati ili kuipatia nafasi. Nikapanda jukwaani. Nikamwona Chiduo akinipigia makofi kwa mkono uliofungwa bendeji. Nikaomba kipaza sauti, nikasema ukweli wote. Watu walicheka mpaka bendi ikaacha kupiga.

Meneja hakucheka. Alituita wote wanne ofisini, akasema friji ni moja, haikatwi vipande, tukubaliane wenyewe.

Tulizo akasema, "Mashine ile nimeisemea miezi saba. Bila macho yangu, hakuna ambaye angegeuka."

Chiduo akasema, "Ni kweli, dada. Lakini wewe ulitoa sauti, mimi nimetoa vidole. Bila nondo yangu, Nuhu angeanguka akiwa amechelewa."

Wakanitazama.

"Mimi nilikuwa naokoa roho yangu," nikasema. "Ila mashine haikusimama kwa ukelele wala kwa nondo. Ilisimama kwa sababu nilianguka."

Niliona haya, lakini nilisema. Friji yenyewe ilikuwa ya milango miwili.

Mwajabu alipoulizwa, alisema kila anapomsuka binti yake huwakumbuka wote watatu, na hana wa kumtoa.

Kinga mpya ilifungwa wiki ile. Friji ikarudishwa stoo ndani ya boksi lake, nasi tukapewa hadi Ijumaa kuandika jina moja. Mke wangu akaacha kuniongelesha. Karatasi ilikaa mezani kwangu siku nne, tupu.

Hebu iandikeni ninyi. Yuko aliyeona, yuko aliyeumia, na yuko mwoga aliyeanguka. Je, nani alistahili?