Bi Pimbi na Jarida Lake la Picha

Paukwa!
Pakawa!
Pakawa na mdomo?
Tumeufunga!

Muufunge kweli. Apeni: haya ya Jumbe Fisi hayatoki hapa ukumbini. Atakayeyatoa, ulimi umuote manyoya. Hata mimi niliapa. Nimemwambia Bi Mwanakheri tu, na muuza samaki wake, na leo nyinyi.

Basi. Alikuwako Bi Pimbi, mdogo kama kata ya maji, anakaa majabalini na watoto wake wanne. Alikuwa amejiandikisha apelekewe jarida la upigaji picha, mwaka mzima. Kila mwezi Kunguru tarishi analidondosha, pwaa! Na kila mwezi majirani wanamcheka.

"Shoga, jarida linashibisha?"

"Halishibishi."

"Linavalika?"

"Halivaliki. Na nitalisoma!"

Analisoma, anashika kamera yake kuukuu, anajifunza kutazama. Maana hilo jarida, jamani, linafundisha macho: kivuli kimelala wapi, nini kinang'aa, nani kasimama nyuma ya nani. Mwenye macho hayo humfichi kitu.

Siku ya harusi kwa Mama Swala, watu wote walitoka kumpokea bwana harusi. Vigelegele, lelelele! Kurudi jikoni, sufuria la pilau halipo. Sufuria zima, na mfuniko wake!

Jumbe Fisi akatunisha kifua. "Nani hakwenda kumpokea bwana harusi? Pimbi! Alibaki anasoma makaratasi. Mwizi ni Pimbi. Jua likitua, yeye na watoto wake wahame majabali haya."

Nani ambishie Jumbe?

Bi Pimbi hakulia. Alimtazama Jumbe, akamtazama tena vizuri. Kidevu kinang'aa mafuta, na pilau haijapakuliwa! Akasema moyoni: mimi sihami ng'o. Akamnong'oneza Kunguru: "Ukisikia nahesabu, walete wote pangoni kwa Jumbe. Wanyate, nya, nya, nya."

Akamfuata Fisi kwake, kamera mkononi. "Bwana Jumbe, nahama. Ila jarida langu linatafuta mkubwa wa kumweka jaladani."

"Jaladani? Mimi?"

"Nani mwingine? Lakini apigwe picha pamoja na kitu akipendacho kuliko vyote. Twiga wa bara kapigwa na redio. Mamba wa mtoni na baiskeli."

Fisi akajikuna. "Kitu ninacho. Ila watu..."

"Watu wako harusini, bwana. Mimi nahama, na mdomo wangu nahama nao."

Fisi akaingia ndani akalikokota sufuria, kwaru, kwaru, kwaru.

"Humo giza, utatoka mweusi kama masizi. Sogea mlangoni."

Akasogea.

"Likumbatie."

Akalikumbatia.

"Lifunue, tuone neema."

Akalifunua, akachota na tonge, akabugia. Njaa haina adabu.

"Sasa jarida linasema, ukurasa wa saba: macho hupepesa, picha ikaharibika. Yafumbe nihesabu mpaka kumi, kisha yafumbue kwa mkupuo, meno yote nje."

Akayafumba.

Hesabuni nami, wajukuu zangu!

"Mojaaa!"

Nya, nya, nya.

"Mbiliii!"

Nya, nya, nya.

"Tatuuu!"

"We Pimbi, mbona unahesabu polepole hivyo?"

"Mkubwa hahesabiwi mbio, Bwana Jumbe. Nneee! Tanooo!"

"Nasikia majani yanachakacha."

"Upepo huo, umekuja kukutazama. Sitaaa! Sabaaa!"

Nya, nya, nya.

"Naneee! Kidevu juu, bwana, usiinamie chakula. Tisaaa!"

Nya.

"Kumi!"

Fisi akafumbua macho, meno yote nje, wali umejaa shavuni, mikono yote miwili imekumbatia sufuria. Mbele yake kijiji kizima. Na Mama Swala mbele ya wote, sahani tupu mkononi.

Kacha!

Hadithi yangu imeishia hapo mlangoni kwa Fisi. Asiyeipenda akaipike upya. Na funzo lake ni hili: mheshimuni mkubwa, msijisomee chochote, na jarida mkilipata, lifungieni maandazi.