Nani Aliiua Injini ya Tusajigwe?

Nitegeeni masikio, wakubwa kwa wadogo, ila msinitegemee kwa jibu. Jambo hili nimelizungusha kichwani tangu mvua zilipoisha juzijuzi na bado sijui nishike upande gani.

Kwetu Tukuyu, milimani, wapo mafundi watatu wenye sifa. Ambakisye huchomelea chuma, na alichokiunga yeye hakiachani tena. Gwakisa anajua springi. Gari lililoinama mgongo likipita mikononi mwake husimama wima. Lusubilo anajua umeme wa magari, na waya hata ukijificha ndani ya bodi huupata kwa kupapasa tu. Na sisi watu wa huku tuna imani yetu moja: chombo kikitoka dukani bado ni kibichi. Lazima kipitie kwa fundi kikapikwe, ndipo kiingie barabarani.

Sasa Tusajigwe, mjane mwenye watoto wanne, alinunua guta jipya la matairi matatu, lenye waranti ya mwaka mzima. Alilitaka kwa kazi moja: kukusanya maziwa yetu wafugaji wa vijiji vya juu kila asubuhi na kuyafikisha mjini kabla hayajaharibika. Wakala aliyemuuzia, Bwana Kasyupa, alimkabidhi funguo na kijitabu cha waranti, herufi zake ndogo za kuumiza macho, na Kiingereza kitupu. Tusajigwe akamuuliza kama guta litaiweza milima hii.

"Kwa milima yetu, mama, kaliimarishe kwanza," wakala alimjibu. "Kila mtu anafanya hivyo."

Basi akaenda kuliimarisha.

Ambakisye alikuwa wa kwanza. Chama chetu cha wafugaji kilikuwa kimesema wazi kwamba hakimpi kazi asiyeweza kubeba madumu ishirini kwa safari moja, na bodi ya guta ilichukua kumi na mawili. Ambakisye akaikata bodi, akaipanua, akaichomelea vyuma vya pembeni. Madumu ishirini yakaingia, na kazi Tusajigwe akaipata.

Gwakisa akafuata. Guta lenye madumu ishirini lilikalia matairi kama kuku anayeatamia. Gwakisa akaongeza mabamba ya springi kila upande. Guta likainuka, likaonekana jepesi, na mwenyewe akasahau kabisa kuwa limezidiwa mzigo.

Lusubilo akamalizia. Taa nyekundu ya joto ilikuwa ikiwaka kila kilima, Tusajigwe akawa anasimama kusubiri injini ipoe. Mara mbili maziwa yaliharibika njiani na chama kikamwonya. Lusubilo akafunga feni ya pili mbele ya injini. Taa ikaendelea kuwaka, Tusajigwe akamwomba ainyamazishe. Lusubilo akaona kwamba kwa kuwa feni ipo, taa sasa inasema uongo, akaukata waya wake. Guta likapanda milima bila kusimama.

Miezi minne tulikunywa chai kwa raha. Mwezi wa tano, kwenye mpando wa mwisho kabla ya mjini, injini iligonga mara tatu, ikanyamaza. Maziwa ya kaya thelathini yakaharibikia barabarani. Tusajigwe alikaa ukingoni akalia, maana alijua chama kitasema nini, na kikasema: wiki moja tu guta lirudi kazini, la sivyo kazi apewe mwingine.

Akakimbilia waranti. Fundi wa kampuni alikuja, akaifungua injini, akajikuna kichwa. Alisema imekufa kwa joto. Bodi isingepanuliwa, mzigo usingezidi. Springi zisingeongezwa, guta lingeinama na mama angejua amelizidishia. Taa isingekatwa, ingemsimamisha. Ukiondoa moja tu kati ya hayo, injini ingepona, na kijitabu kinasema kilichobadilishwa hakina waranti. Tukadhani amemaliza. Kumbe akaishika pampu ya maji, akatuonyesha ufa mwembamba wa kiwandani, akasema huenda injini ingekufa hata kama guta lisingeguswa na mtu. Tulipombana aseme kwa uhakika, akakataa kuapa.

Kikao kikaitishwa. Ambakisye alisema vyuma vyake mpaka leo havina ufa. Yeye aliongeza nafasi, hakupakia maziwa. Gwakisa alisema springi hazijawahi kuipasha injini moto. Lusubilo alisema taa haiui injini, na kwamba aliombwa ainyamazishe. Kasyupa alisema ushauri wake ulikuwa wa mdomo, waranti ni karatasi, na karatasi mama aliisaini. Nilimkubali kila mmoja alipokuwa akisema, na hilo ndilo lililoniudhi. Husemwa kidole kimoja hakivunji chawa. Hapa vidole vilikuwa vingi, na kila kimoja kilisema hakikubonyeza.

Kasyupa akatoa njia. Injini mpya ipo ghalani, naye ataitoa kwa waranti iwapo guta litarudishwa kama lilivyotoka kiwandani: bodi ndogo, springi zake zilezile, taa yake inawaka.

Tusajigwe akasimama.

"Nikilirudisha, nina injini lakini madumu ishirini hayaingii, kazi imekwenda. Nikiliacha hivi, kazi ipo, injini sina. Nyote mlinisaidia, jamani, sibishi. Sasa nani atanisaidia kutoka kwenye msaada wenu?"

Mwenyekiti akasema kufikia Jumatatu tumtaje mtu mmoja wa kumtafutia mama injini, na tukatawanyika.

Tangu hapo nimekwisha kumhukumu Kasyupa, nikakumbuka hakushika hata spana. Nikamhukumu aliyeitengeneza pampu, nikakumbuka ile "huenda". Jana nikamhukumu Lusubilo, kwa sababu yeye ndiye aliyeliziba mdomo onyo. Hapo nikakwama, maana ni sisi wenye maziwa tuliomwambia Tusajigwe asisimame njiani, na mkono wangu nami niliunyoosha siku chama kilipopiga kura ya kumwonya.

Ng'ombe watakamuliwa Jumatatu alfajiri, hukumu iwepo isiwepo. Ninyi mlionisikiliza, ambao hamna tone la maziwa katika guta lile, niambieni nikaseme nini kikaoni: nani ailete injini?