Faili la Tisini na Tisa

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wangali na ofisi, mihuri na makarani, lango la daraja la mtoni lilitii kompyuta, na kompyuta ilitii faili moja tu. Faili hilo lilikuwa na mistari elfu nne. Tembo, mkuu wa upande wa kusini, hakumruhusu karani wake, Pimbi, aguse humo hata nukta.

Tarehe 12 Februari, mwaka wa ukame, Tembo aliandika ndani yake: Lango lifungwe. Siku hiyo Pimbi alikuwa kazini kusini. Mama yake alikuwa nyumbani, kwenye majabali ya kaskazini. Tangu hapo, kila jioni, mama aliita kutoka ng'ambo, kwii, kwii, naye Pimbi akaacha chakula kipoe akisikiliza. Hakujibu, kwa kuwa sauti yake ilikuwa ndogo na mto ulikuwa mpana.

Tarehe 3 Juni, Kifaru, naibu wa Tembo, alilifungua faili aongeze agizo kuhusu tope lake la kuogea. Kwato zake zikafuta mkato mmoja, na faili zima likawa halisomeki. Tii, ikalia kompyuta, kisha kimya. Hata kengele ya chakula, iliyoandikwa humo humo, haikulia siku tatu.

"Nani kaufuta?" Tembo aliuliza.

"Ulijifuta wenyewe," alisema Kifaru.

"Kama ulivyojivunja uzio wangu mwaka jana," alisema Tembo.

Pimbi akakohoa kidogo. "Mabwana wakubwa, tuligawe. Tuwe na folda moja, na kila mmoja awe na faili lake humo. Atakayekosea ataharibu lake peke yake. Kompyuta itayasoma yote kwa namba, kuanzia ndogo hadi kubwa, wala haitaruka hata moja."

"Namba moja ni yangu," alisema Tembo.

"Mbili yangu," alisema Kifaru.

"Ndivyo adabu ilivyo, mkubwa hutangulia," alisema Pimbi. " Mimi nipeni tisini na tisa, nikae mlangoni pamoja na viatu."

Kifaru akacheka hadi pembe ikatikisika. "Na huko mkiani utaandika nini, karani?"

"Mstari mmoja tu, bwana."

"Aandike hata miwili," Tembo akasema, akagonga muhuri.

Asubuhi ya tarehe 7 Juni kompyuta ikasoma faili la kwanza: Lango lifungwe. Ikasoma la pili: Tope liongezwe maji. Ikafika la tisini na tisa: Lango lifunguliwe. Sasa, wajukuu zangu, kompyuta haijui tembo wala pimbi. Ikipewa amri mbili zinazopingana, hushika iliyoisikia mwisho. Krrr, krrr, lango likafunguka.

"Pimbi, nilisema lifungwe."

"Ulisema, Bwana Mkubwa. Ulisema wa kwanza."

Ili amshinde, ingembidi Tembo achukue namba mia, akae nyuma ya karani wake. Aibu ikamzuia.

Pimbi akavuka mbio. Mama yake alikuwa juu ya jabali lile lile, amekonda, macho yakiwa darajani.

"Nimekuita jioni mia moja na kumi na tano," alisema.

"Nilizisikia zote, mama."

Jioni ile hapakuwa na aliyeita.

Nanyi mlionisikiliza, kumbukeni: ang'ang'aniaye kuwa wa kwanza humwachia mdogo neno la mwisho.